Godauni la Kukodi Miritini: Mahali Pazuri, Mkataba wa Kuangaliwa

Godauni ninalolitathmini hapa liko Miritini, upande wa bara wa Mombasa, mwendo mfupi kutoka barabara kuu ya Nairobi, ndani ya ua wenye magodauni kadhaa yanayokodishwa na mwenye mali mmoja. Kampuni ninayoifanyia kazi husambaza unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia kwa maduka ya jumla na ya rejareja kuanzia Lunga Lunga hadi Malindi, na tulihamia hapo kutoka Shimanzi, kisiwani karibu na bandari, baada ya kodi ya huko na foleni ya daraja la Makupa kutulemea. Kwa maoni yangu, mahali penyewe panamfaa msambazaji wa aina yetu kuliko sehemu nyingine yoyote ya Mombasa kwa sasa, jengo ni la wastani, na mkataba unataka kusomwa kifungu kwa kifungu kabla ya kutiwa saini.

Wafanyabiashara wengi wa hapa wakitafuta godauni huuliza kwanza liko umbali gani na bandari ya Kilindini. Swali hilo ni la maana kwa anayeagiza mzigo na kuusafirisha bara mara moja. Kwa msambazaji hesabu hugeuka, kwa sababu kontena la futi 40 huingia kwa safari moja ya trela, ilhali shehena iliyomo hutoka kwa safari nyingi za kanta, yaani malori madogo, kila moja ikibeba tani chache na kusimama kwenye maduka kadhaa. Dizeli, posho ya dereva na utingo, na saa zinazopotea njiani ziko upande wa kutoka kuliko upande wa kuingia. Kilomita zikiongezeka kati ya bandari na godauni, unalipia trela moja. Zikiongezeka kati ya godauni na wateja, unazilipia kila asubuhi kwa kila gari. Shimanzi ina sifa zake, na sibezi magodauni yake ya zamani yenye kuta nene, lakini sifa hizo hazikuwa zikitusaidia kufikisha sabuni Msambweni.

Iko njia inayofundishwa vyuoni ya kutafuta mahali pa kituo cha usambazaji: unachukua kila mji unaouhudumia, unaupa uzito kulingana na tani unazouza huko, kisha unatafuta nukta ambapo uzito wote unasawazika. Tuliifanya hesabu hiyo kwa mauzo yetu wenyewe, na nukta ikaangukia majini, ndani ya hori ya Tudor. Hesabu ya namna hiyo haijui kwamba Mombasa ni kisiwa, na kwamba anayetoka au kuingia hana budi kupita kwenye milango michache: daraja la Makupa, lililochukua nafasi ya tuta la zamani mwaka 2022, kwa anayekwenda Changamwe; daraja la Nyali, la mwaka 1980, kwa anayekwenda kaskazini; na feri ya Likoni kwa anayekwenda kusini. Maduka mawili yanayotazamana ng'ambo ya maji yanaweza kuwa mbali kwa saa nzima. Kwa hiyo umbali wa kuhesabu hapa ni dakika za barabarani katika saa zile magari yako yanapotoka, na kilomita za ramani zije baadaye.

Hapo ndipo Miritini inapojipatia alama zake. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018 na iliyobaki ikakamilika 2024, huanzia Miritini, huvuka maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza, na kutokea Kibundani kwenye barabara ya Lunga Lunga. Zamani kanta ya Ukunda ilibidi iingie kisiwani, ipange foleni ya feri, kisha irudi kwa njia ile ile jioni pamoja na umma wote unaotoka kazini. Sasa dereva wetu wa Ukunda na Msambweni hakanyagi kisiwani kabisa, na akimaliza mapema hurudi kuchukua mzigo wa pili wa Mazeras au Mariakani, jambo ambalo tulipokuwa Shimanzi halikuwazika. Gari lile lile, dereva yule yule, na safari mbili kwa siku badala ya moja: faida hiyo peke yake inazidi tofauti yoyote ya kodi tuliyowahi kujadiliana na mwenye mali.

Udhaifu wa Miritini uko upande wa kaskazini, na dalali hatakwambia. Kwenda Kongowea, Bamburi au Mtwapa ni lazima upite Changamwe, Makupa, kisiwani kwenyewe na daraja la Nyali, na gari litakalotoka uani baada ya saa moja na nusu asubuhi limekwisha kupoteza nusu ya siku. Sisi hupakia jioni, kanta zikalala uani zikiwa zimefunikwa turubai na kutiwa lakiri, kisha zikatoka kabla ya adhana ya alfajiri, maana wanunuzi wa Kongowea nao huamka mapema. Kwa Kilifi na Malindi iko njia ya Mariakani, Kaloleni na Mavueni, inayokikwepa kisiwa chote. Ni ndefu zaidi, lakini lori lililojaa lisilo na duka la kusimama njiani huiona nafuu. Mwenye wateja wengi Nyali, Bamburi na Mtwapa asijisumbue na Miritini. Atafute stoo ya kadiri upande huohuo, hata kama kodi kwa futi ya mraba itakuwa juu.

Madalali pia hupenda kutangaza kwamba godauni liko karibu na stesheni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Stesheni ya Miritini ni ya abiria, imekuwa ikiwapokea wasafiri wa Nairobi tangu 2017, na treni za mizigo zina mambo yao bandarini na Port Reitz. Unga wa Ukunda haupandi treni. Kinachomfikia msambazaji kutoka stesheni hiyo ni teksi na matatu zinazoziba barabara pale treni inapoteremsha watu.

Nije kwenye jengo. Lango ni pana, lakini njia ya kuingilia ni nyembamba na mtaro wa kushoto hauna kifuniko. Dereva wa trela hulazimika kupitiliza lango, akasimama katikati ya njia huku utingo akizuia bodaboda kwa mkono, kisha akarudi nyuma taratibu akikata usukani mpaka tairi za nyuma zipite shubiri moja tu kutoka ukingo wa mtaro. Madereva waliozoea hufanya hivyo bila kushuka. Mgeni hushuka, huinama kuangalia, hupanda tena, na nyuma yake honi zinalia. Anayekagua godauni lolote asitosheke kupima ukubwa wa ndani. Aombe trela lenye kontena la futi 40 liingie na kutoka mbele ya macho yake, mchana wa siku ya kazi.

Ukishaingia, mambo hutengemaa. Jukwaa la kupakulia lina kimo cha sakafu ya trela, kwa hiyo foklifti huingia moja kwa moja ndani ya kontena na kutoa chaga nzima, yaani jukwaa la mbao lenye mzigo juu yake, bila hamali kubeba gunia mgongoni. Kanta ni fupi kuliko trela, na jukwaa halina bamba la kuziba tofauti hiyo, hivyo wakati wa kupakia mahamali huweka ubao mpana na kuteremka nao kwa hadhari. Katoni za mafuta ndizo huumia zaidi. Bamba la chuma si ghali, na mwenye ua unaokodishwa kwa wasambazaji angestahili kuwa nalo tangu mwanzo.

Paa ni la mabati, na upepo wa bahari hauna huruma na bati. Kuzunguka vichwa vya misumari kutu imeshachuruzika, na katika godauni tulilopewa kwanza michirizi ya maji ilionekana ukutani juu ya mahali tulipokusudia kupanga sukari. Unyevu wa hapa ni adui hata bila kuvuja: sukari huganda, unga hufanya mabonge, na katoni za chini hulegea zikashindwa kubeba za juu. Tumezoea kuacha nafasi ya mtu kupita kati ya mzigo na ukuta, na hakuna gunia linalogusa sakafu. Matundu ya hewa yaliyo juu ya kuta ni makubwa na yana wavu, na hilo nalisifu. Aprili hadi Juni, masika yanaponyesha sawasawa, maji ya uani hukusanyika upande wa mwisho karibu na mtaro, kwa hiyo asiyefika wakati wa mvua atazame alama ya tope kwenye kuta za nje. Huonyesha maji yalifika wapi.

Kuhusu wafanyakazi hakuna tabu, kwani Mikindani, Magongo na Jomvu ziko karibu na kijana anayemaliza zamu ya usiku hahitaji matatu mbili kufika kwake. Maji ya bomba ni ya kusubiri, kama ilivyo sehemu nyingi za Mombasa, ila kuna tangi. Majirani wachunguzwe: unga na sabuni havikai ukuta mmoja na mbolea.

Wapo walionishauri kwamba Mariakani, kilomita kama 35 kutoka mjini, ingekuwa rahisi zaidi. Ardhi huko ni nafuu, na kwa anayepokea bidhaa za viwanda vya Nairobi na kuuza Voi na Taita, huenda ndiyo sahihi. Kwetu ingekuwa kurudisha mzigo nyuma kila siku, tena kutoka Kaunti ya Kilifi, na kila kaunti ina leseni na ada zake.

Kilichonikera zaidi ni mkataba. Kodi iliyotajwa mdomoni ilikuwa ya godauni peke yake. Ulinzi, taa za uani na ada ya kila gari linalolala ndani zilikuja baadaye katika ankara, zikiwa zimetajwa kwa maandishi madogo katika kiambatisho. Kwa msambazaji anayepakia jioni, ada ya kulaza magari si jambo dogo. Tuliandika barua kuhusu paa, tukajibiwa kwa heshima zote, na likazibwa baada ya mvua kukatika. Walinzi, kwa upande wao, ni waangalifu, hukagua lakiri na kuandika namba ya kila gari, na hatujapoteza katoni.

Atakayekodi hapa atake iandikwe waziwazi kwamba kanta zake zitalala uani bila ada ya ziada, na kwamba paa likivuja litengenezwe ndani ya siku zilizotajwa, la sivyo kodi ya mwezi huo ipunguzwe. Akipewa nafasi ya kuchagua, achukue godauni la pili kutoka langoni, kwa kuwa liko juu na trela hugeuka mbele yake bila shida. Lile la mwisho, lililo karibu na mtaro, alikatae hata kwa nusu ya kodi.