Smith & Wesson Model 19: Magnum ya Kushinda Nayo Kiunoni

Katika rivolva zote za magnum, yaani bastola zenye silinda inayozunguka na zinazofyatua risasi zenye nguvu kupita za kawaida, zilizotengenezwa Marekani karne iliyopita, ninayoipenda kuliko zote ni Smith & Wesson Model 19 yenye mtutu wa inchi 4. Zipo zinazoishinda kwa nguvu, zipo zinazoishinda kwa uimara, na nitaeleza wazi inaposhindwa. Naipenda kwa sababu walioibuni walijua kwamba mwenye kuibeba atashinda nayo kiunoni tangu asubuhi hadi usiku, na kwamba siku nyingi hataifyatua hata mara moja. Umbo lake lote limefuata ukweli huo.

Risasi ya .357 Magnum ilipoingia sokoni mwaka 1935, Smith & Wesson waliitengenezea rivolva yenye fremu (mwili wa bastola) yao kubwa, ijulikanayo kama fremu N. Ilikuwa silaha ya kupigiwa mfano, lakini uzito wake uliwachosha askari waliotembea nayo kutwa. Bill Jordan, afisa wa doria ya mpakani nchini Marekani na mlenga shabaha mwenye sifa kubwa, ndiye aliyeishawishi kampuni iitie risasi hiyo katika fremu K, fremu ya wastani ambayo tangu mwaka 1899 ilikuwa ikibeba risasi za .38. Alitaka mtutu mzito wa inchi 4, kinga ya chuma ya kuifunika fimbo ya kutolea maganda, kilengeo cha nyuma kinachorekebishika, na kishikio kipana cha mbao. Wahandisi walitafuta chuma bora na namna ya kukichoma ili kihimili shinikizo la magnum bila kuongezewa unene, na mwaka 1955 bastola ya kwanza ikakabidhiwa Jordan mwenyewe. Iliitwa Combat Magnum. Namba 19 ilikuja mwaka 1957, kampuni ilipoanza kuzipa bastola zake namba.

Ukiishika, jambo la kwanza unaloliona ni mizani yake. Ina uzito wa takribani kilo moja, na uzito huo umekaa mbele kidogo ya kidole cha kufyatulia, kiasi kwamba mtutu hutulia kwenye shabaha bila kuuvuta mkono chini. Ukiikoki nyundo, yaani kuivuta nyuma hadi ikae tayari kwa kidole gumba, kifyatulio huachia kwa mguso mdogo, bila kukwaruza wala kusita. Lakini uzuri wake hasa umo katika kuvuta kifyatulio moja kwa moja bila kukoki: silinda huzunguka, kizuizi huingia kwenye tundu lake kwa mlio mdogo mkavu, kisha nyundo huanguka, na mvutano wote huo ni laini na wa kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mlenga shabaha anayetaka kujifunza rivolva kwa dhati ajifunzie hapa.

Faida nyingine ni kwamba inapokea .38 Special pia, kwa kuwa ganda la magnum ni lile lile lililorefushwa kwa takribani milimita tatu. Kwa risasi hizo nyepesi bastola hii ni mpole, na mtu anaweza kufanya mazoezi mchana kutwa. Ukiijaza magnum kamili, mambo hubadilika mara moja: mshindo ni mkali, moto huonekana mdomoni mwa mtutu, na kishikio hukisukuma kiganja kwa nguvu ambayo fremu kubwa ingeimeza.

Hapo ndipo kasoro yake ilipo, na anayeipenda hana budi kuifahamu. Ili mkono unaobeba silinda upate nafasi ya kufunga katika fremu hii ndogo, mdomo wa nyuma wa mtutu ulichongwa bapa upande wa chini, na chuma cha mahali hapo kikabaki chembamba. Kwa muda mrefu askari walifanya mazoezi kwa .38 na kuiweka magnum kwa ajili ya kazi, na bastola ikadumu. Mazoezi yalipoanza kufanywa kwa risasi za kazini, hasa zile zenye kichwa chepesi cha gramu 8 hivi na mwendo wa kasi sana, nyufa zilianza kuonekana kwenye bapa hilo. Jibu la kampuni lilikuwa fremu L, iliyo kubwa kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fremu hiyo ni imara kweli, ila sehemu ya wepesi uliotafutwa na Jordan imepotea.

Kwa sababu hiyo, anayenunua Model 19 iliyotumika aanze kwa kuhakikisha haina risasi, kisha afungue silinda na kumulika tochi kwenye bapa hilo kabla hajavutiwa na mng'ao wa rangi ya buluu. Halafu aikoki nyundo polepole kwa kila chemba (tundu la risasi kwenye silinda) na kuona kama silinda imejifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Aangalie pia skrubu iliyo mbele ya kishikio, inayoikaza springi ya nyundo. Wako wanaoilegeza ili kifyatulio kiwe chepesi, na matokeo yake ni nyundo isiyopiga kwa nguvu ya kutosha. Skrubu hiyo hukazwa hadi mwisho.

Wakusanyaji hutafuta zile za kabla ya mwaka 1982, ambazo mtutu wake umefungwa kwa pini na chemba zake zimechongwa ili kuyaficha makalio ya maganda. Nakubaliana nao, ingawa pini haimsaidii mtu kulenga vizuri zaidi. Ni ufundi tu wa watu waliojali hata sehemu ambazo hakuna azitazamaye. Utengenezaji ulikoma mwaka 1999 na kurejea mwaka 2018. Toleo jipya ni silaha nzuri ya kazi, lakini tundu la ufunguo wa usalama lililotobolewa ubavuni linaniudhi kila nikilitazama, na pini ya kugonga imehamishwa kutoka kwenye nyundo hadi ndani ya fremu. Kwa atakayefyatua magnum kila wiki, ningemshauri anunue fremu L. Anayefanya mazoezi kwa .38 na kuitumia magnum kwa nadra, Model 19 ya zamani yenye mtutu usio na ufa inamtosha, na kwa mizani na ulaini wa kifyatulio sijaona magnum inayoizidi.