Mausi ya wima baada ya miezi saba: mkono umetulia, bega likaanza

Nianze na bei ya hii mausi ya kompyuta inayosimama kwa ubavu, maana najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 45,000 Kariakoo, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 60,000. Haina jina la kampuni inayojulikana. Kwa Kiswahili sanifu ningesema kipanya, ila kwa sisi tuliokulia Dar kipanya ni daladala, ile Hiace ya Mwenge, kwa hiyo nitasema mausi.

Kazi yangu ni kutengeneza kadi: za michango, za sendofu, za kipaimara, na zile za shukrani baada ya msiba. Nipo steshenari Sinza, masaa tisa mpaka kumi kwa siku, na anayeijua CorelDRAW, programu ya kuchorea, anajua kwamba kibodi pale inasindikiza tu. Kazi yote ni mausi. Unabofya, unavuta, unaachia, unavuta tena, huku mjumbe wa kamati amesimama nyuma ya kiti chako: "Dada, hilo ua sogeza kulia kidogo. Kidogo tena. Aa, rudisha tu lilipokuwa."

Ganzi niliigundua kwenye daladala, nimesimama nimeshika bomba la juu. Vidole vikaanza kuwa kama si vyangu. Nikabadilisha mkono, nikasahau. Baadaye ikahamia usiku: saa nane unashtuka, mkono umekufa, unaukung'uta pembeni ya kitanda mpaka urudi, na ukirudi unarudi na sindano. Mama akasema ni baridi, nipake mafuta ya karafuu. Nilinukia karafuu mwezi mzima na ganzi ikabaki palepale. Siku kikombe cha chai kiliponiponyoka mbele ya mteja, chai ikamwagikia karatasi za mtu, ndipo nilipokwenda hospitali.

Mama wa fiziotherapia aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi?" Nikafikiri. Hapana. Gumba, cha shahada, cha kati, na upande mmoja wa cha pete; kile kidogo kizima kabisa. Basi, hapo alishaelewa. Alinieleza kuwa kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, na ndani yake zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva moja. Kano zikivimba hakuna pa kutanukia, neva ndiyo inayobanwa. Kidole kidogo kinapata neva nyingine inayopita nje ya njia hiyo, ndiyo maana kimesalimika. Kisha akaniambia nikunje vifundo, migongo ya viganja igusane, nikae hivyo dakika moja. Nusu dakika haikufika, ganzi hiyo imekuja. Alinipima sukari pia na kuniuliza kama nina mimba, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuleta hali hiyohiyo hata kwa mtu asiyegusa kompyuta.

Niseme ukweli, mausi hakuniandikia yeye. Yeye alinipa sapoti ya kuvaa usiku, ile yenye bapa gumu ndani inayonyoosha kifundo ukilala. Mausi niliitafuta mwenyewe.

Sasa yenyewe. Unaishika kama unampa mtu mkono: kiganja kinatazama kushoto, gumba liko upande wake. Ukitumia mausi ya kawaida, mifupa miwili ya mkono wako inapishana kama mkasi ili kiganja kitazame chini. Hapa inakaa karibu sambamba, na kifundo hakilali mezani. Tofauti hiyo niliisikia siku ya kwanza. Siku hiyohiyo nikaipiga teke kwa mkono mara nne, maana umezoea kushusha kiganja kutoka juu, na hii imesimama. Inaanguka.

Kasoro kubwa kwa watu wa kadi ni hii: kubofya kwake ni kwa ubavu. Ukibonyeza, unaisukuma kushoto, na kile kinukta ulichokuwa umekilenga kwenye ukingo wa herufi kinakukimbia. Wiki ya kwanza nilirudi kutumia ile mausi ya zamani kila nilipotaka kuchora kitu chembamba. Nilipona nilipoushusha mshale mpaka kasi ya chini kabisa, nikajifunza kuishikiza kwa gumba wakati wa kubofya. Mpaka leo kazi ndogondogo zinanichukua muda zaidi, na mteja mwenye haraka haelewi habari za neva.

Halafu bega. Hapa sikuonywa na mtu. Mausi hii huisogezi kwa kifundo, unaisogeza kwa mkono mzima kutoka begani, na meza yetu ni ndefu kwenda juu kana kwamba ilitengenezwa kwa kuuzia nyama. Mwezi wa pili bega la kulia likawaka. Dawa yake haikuwa dukani: nilikalia mto, miguu nikaiweka juu ya boksi la karatasi za A4, kibodi nikaisukuma kushoto ili mausi isikae mbali na mwili. Zile namba za upande wa kulia wa kibodi ndizo zilizokuwa zinanilazimisha kunyoosha mkono siku zote. Miaka yote hiyo!

Vitu vidogo: inakula betri mbili nyembamba, na zangu zinakwenda kama miezi mitatu. Kile kimpira cha juu cha kuzungusha kwa kidole kilianza kunata mwezi wa tano, nafuta kwa spiriti. Mwenzangu anayetumia kushoto hawezi kuigusa kabisa. Logitech wana moja inayoitwa Lift, ya 2022, yenye toleo la mkono wa kushoto na iliyokusudiwa mikono midogo. Sijaishika, na bei yake si ya mshahara wangu.

Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua sapoti. Yangu ilikuwa 18,000 na ndani ya wiki mbili nilianza kulala mpaka alfajiri. Mausi peke yake isingenifikisha huko. Imenisaidia nisirudi nilikotoka, jambo ambalo ni tofauti. Na mama yule aliniambia nisijitibu kwa vifaa nikiona nyama iliyo chini ya gumba inabonyea: hapo neva imebanwa muda mrefu, na mtu anahitaji daktari, pengine upasuaji, si duka la Kariakoo.

Nyota tatu kati ya tano. Ukienda kuinunua, usikubali kuuziwa ikiwa kwenye boksi. Iweke juu ya kaunta, uishike kama dakika mbili, uangalie kidole chako cha mwisho: kikiburuzika mezani, hiyo si saizi yako, hata akushushie bei mpaka 30,000.