Fensi ya alumini kwa nyumba za pwani: pima uzito kwanza, rangi baadaye

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tunachambua fensi ya alumini, hizi paneli nyeusi na za kijivu mnazoziona siku hizi Mbezi Beach, Kunduchi, Kigamboni, na wenzetu wa Nyali na Zanzibar pia wanazijua, zinakaa juu ya ukuta mfupi wa tofali, nyumba inaonekana, upepo unapita, na swali ninaloulizwa kila mara ni kwamba hii kitu ina maana kweli au ni urembo tu wa watu wenye hela.

Mimi nasema kwa mtu wa pwani ina maana sana, ila kwa sharti moja, hela yako iende kwenye unene wa nguzo, kwenye skrubu, na pale mguu wa nguzo unapoingia kwenye zege. Hapo ndipo fensi hizi zinapokufa. Dizaini na rangi ni mambo ya mwisho kabisa, na bahati mbaya ndiyo mambo ya kwanza dukani utakayoonyeshwa.

Kwanza tuelewane kwanini alumini. Wote tunajua skwea paipu ya kawaida ikikaa karibu na bahari inakuwaje, unapaka rangi, miaka haipiti mingi kutu inatoka, na inaanzia kwenye maungio, maana fundi akichomelea ule moto unaunguza zinki yote pale, hata kama bomba lilikuwa la galva, yaani chuma kilichovalishwa zinki, na primer ya juu juu haiwezi kurudisha kilichoungua. Alumini yenyewe ikikutana na hewa inajitengenezea utando mwembamba sana juu yake, ukiikwaruza ule utando unajirudia wenyewe, ndiyo maana hailiwi na kutu kama chuma. Haimaanishi chumvi haiigusi kabisa, alumini tupu isiyo na rangi ufukweni inapata madoa meupe na vishimo vidogo vidogo, lakini haiozi ikatoboka na kuanguka kama tunavyoona kwenye mageti yetu.

Na kama uko Dodoma au Morogoro huko, hakuna upepo wa chumvi, mimi sioni sababu ya kukutoa kwenye chuma cha galva kilichopakwa rangi vizuri. Ni cha bei nafuu, kina nguvu zaidi, na fundi wa kukirekebisha yupo kila mtaa.

Sasa twende kwenye mabomba. Sogeza kamera hapa. Haya mawili yote ni milimita 50 kwa 50, kwa nje huwezi kuyatofautisha, rangi ile ile, mng'ao ule ule. Sasa angalia kwenye mkato. Hili la kushoto ukuta wake ni milimita 1.2, hili la kulia ni milimita 2. Hili jembamba ni kama profaili ya dirisha, na ndiyo hali halisi, mafundi wengi wa fensi za alumini mjini ni mafundi wa madirisha, wanakuja na kile walichokizoea, dirisha limeshikwa na ukuta pande zote nne kwa hiyo wembamba hauna shida, lakini nguzo ya fensi imesimama peke yake, imeshikwa chini tu, mtoto anaegemea, mtu anafunga baiskeli, upepo unasukuma. Halafu jueni kitu kimoja, alumini ugumu wake wa kukunjika ni kama theluthi moja tu ya chuma, yaani bomba la vipimo vile vile na unene ule ule litapinda mara tatu zaidi ya la chuma ukilisukuma kwa nguvu ile ile. Kwa hiyo ukisikia muuzaji anasema "hata chuma ni milimita 1.2 na watu wanajengea", hapana, hesabu haiko hivyo.

Dukani huwezi kukata kila bomba uangalie, na wengine ncha wanazifunika. Omba mzani. Bomba la 50 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 2 lina uzito wa kama kilo moja kwa kila mita. Bomba zima la mita 5.8 linakuja kama kilo 6. Lile la milimita 1.2, urefu ule ule, linakuja kama kilo 3.7. Rangi inaongeza kidogo sana. Yaani hata bila kipimo cha venia, kile kifaa cha kupimia unene, mzani wa kawaida wa kupimia mahindi unakwambia ukweli, tena uliza na bei kwa kilo siyo kwa bomba, hapo ndipo utaona anayekuuzia "rahisi" amekupunguzia alumini tu.

Nimesema mita 5.8, siyo 6, hili nalo lishike. Mabomba mengi yanakatwa urefu huo ili yaingie kwenye kontena la futi 20, ambalo kwa ndani lina kama mita 5.9. Sasa ukichora fensi yako kwa paneli za mita 2, kila bomba la mlalo unapata vipande viwili na kinabaki kipande cha mita 1.8 hakina kazi. Ukichora paneli za mita 1.9 unapata vipande vitatu kamili na sentimita 10 zinabaki za mkato wa msumeno. Sentimita 10 tu kwa kila paneli, lakini kwenye uwanja mzima ni hela nyingi. Mwambie fundi achore paneli kufuata bomba.

Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 10, hicho ndicho kipimo kanuni za Marekani zinatumia, inchi 4, ili kichwa cha mtoto kisipite, na kama una bwawa la kuogelea hapo usibishane kabisa, na fito ziwe za wima, za mlalo mtoto anapanda kama ngazi.

Kuna zile paneli zilizozibwa kabisa, mbao mbao za alumini za kulala, watu wanazipenda kwa faragha. Nzuri, sizikatai, ila kumbukeni kusi ikianza kuvuma paneli iliyozibwa inabeba upepo kama tanga la jahazi, mzigo wote unashuka kwenye mguu wa nguzo. Ukitaka hizo, nguzo iwe nene zaidi, zikaribiane zaidi, na uache mianya upepo upenye.

Rangi nitapita haraka. Iwe paudakoti ya kiwandani, ile rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri, unene wa mikroni 60 hadi 80, siyo ya kupuliza gereji. Na kilicho chini ya rangi ndicho cha maana, alumini lazima ioshwe na kuandaliwa kwa kemikali kabla ya rangi, vinginevyo hewa ya chumvi inaingia kwenye mkwaruzo mmoja halafu unaona vinyuzinyuzi vinatambaa chini ya rangi, rangi inanyanyuka. Kiwanda chenye cheti cha Qualicoat, cheti cha kimataifa cha ubora wa rangi ya alumini, kina daraja linaitwa Seaside, hilo ni kwa ajili ya nyumba za baharini, kama muuzaji anasema anayo mwambie akuonyeshe karatasi.

Haya, skrubu. Hapa naomba mtulie maana hela ndogo inaua kitu kikubwa. Angalieni kipande hiki, kimetolewa kwenye fensi ya huku huku pwani. Unaona hii skrubu ilivyo nyekundu, halafu pembeni yake unga mweupe, na rangi imevimba duara zima. Ni skrubu ya chuma ya kawaida. Chuma na alumini vikigusana na kukawa na maji ya chumvi katikati panatokea kama betri, na anayeliwa kwenye hiyo betri ni alumini. Ukibonyeza hapa kwa kucha, ona, unga unadondoka. Kwa hiyo stenlesi, na kwa aliye jirani na bahari iwe ile daraja la 316, inayovumilia chumvi zaidi kuliko 304 ya kawaida, halafu chini ya kichwa weka washa, kile kipete bapa, ya nailoni ili metali zisigusane. Ukienda nayo sumaku dukani, skrubu za stenlesi za 304 na 316 sumaku haizivuti au inazivuta kidogo sana, ikidaka kwa nguvu rudisha.

Mguu wa nguzo. Saruji mbichi ni kali, inaila alumini, na hata ikishakauka unyevu ukikaa pale kazi inaendelea polepole. Kabla nguzo haijaingia kwenye shimo, sehemu yote itakayokaa ndani ya zege pamoja na sentimita 5 za juu yake ipakwe rangi ya lami, mikono miwili, ikauke kabisa. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haionekani, simama nao. Shimo, kwa fensi ya mita 1.5 juu ya ardhi nenda chini sentimita 60, na huku kwetu kwenye mchanga kuta za shimo zinabomoka, usikubali shimo limwagwe zege huku mchanga unaporomoka ndani, tumia ndoo iliyokatwa kitako au kipande cha bomba la plastiki kama fomu. Chini weka kokoto kidogo maji yapate pa kwenda. Zege la juu limalizike na mteremko wa kutoka kwenye nguzo, siyo kibakuli cha kukusanya maji. Na zege likirukia kwenye rangi lifutwe hapo hapo kwa maji, likikauka doa halitoki, bora kabisa nguzo zifungwe nailoni kabla ya kuanza.

Kama unaweka juu ya ukuta mfupi wa tofali, nguzo inakuwa na sahani chini na rolbolti nne, zile bolti zinazotanuka ndani ya tundu ukizikaza. Sasa tofali zetu za inchi 6 zenyewe haziwezi kushika hizo bolti, zitapasuka, lazima juu ya ukuta kuwe na mkanda wa zege wenye nondo, bolti ziingie humo. Na sahani ichomelewe kwa mashine ya gesi ya agoni, ile mashine ya kuchomelea mageti ya kawaida haifai kazi hii, ukiona fundi anakwambia ataunga na ile ya vijiti vya chuma, mshukuru umuage.

Kuanza kazi: tafuta bikoni za kiwanja kwanza, vuta kamba bikoni hadi bikoni, siyo kufuata ukuta wa jirani. Pitia halmashauri ujue habari ya kibali, na kama uko kwenye barabara kuu kumbuka hifadhi ya barabara, kwa Tanzania sheria ya mwaka 2007 ilisogeza hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, alama ya X ya kubomoa haijali fensi yako ni ya nini. Uliza pia bomba la maji limepita wapi kabla hujachimba. Simamisha nguzo za kona, kamba juu na chini, pimamaji pande mbili za kila nguzo, zege lipumzike siku kadhaa ndipo paneli zifungwe. Paneli usizibane kabisa, paneli ya mita 1.9 nyeusi kwenye jua la Februari inatanuka kama milimita 2, iache ipumue kwenye mabano. Vifuniko vya juu ya nguzo usiache hata kimoja, mvua inaingia na manyigu wanahamia.

Usalama sasa, niseme wazi. Alumini inakatika kwa msumeno wa mkono, na chakavu yake ina soko zuri. Upande wa nyuma unaopakana na uchochoro mimi ningejenga tofali, alumini nikaiweka mbele na bustanini ambako watu wanaona. Nati ziwe upande wa ndani, na maeneo yanayofikika utumie riveti za alumini badala ya skrubu.

Geti dogo la kupita watu, nguzo ya upande wa bawaba iwe 100 kwa 100 yenye ukuta wa milimita 3, na ile fito ya mshazari ndani ya fremu ianzie chini upande wa bawaba ipande kwenda juu upande wa kitasa, ikigeuzwa geti litalala. Geti kubwa la gari tengeneza fremu ya chuma cha galva ya kuzamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa, uvalishe alumini juu yake, ukitenganisha na mpira kila zinapogusana.

Matunzo ni maji tu, kila baada ya wiki chache unaimwagia maji na sabuni laini, hasa upande ambao mvua haifiki, maana chumvi inakaa huko. Ila yawe maji matamu. Wengi wetu huku tuna visima na maji ni ya chumvi, springila ya bustani inarusha kwenye fensi kila jioni, rangi inapauka na skrubu zinaanza kutoa unga hata ukiwa mbali na ufukwe, kwa hiyo pua ya springila igeuzwe iangalie ndani.