Linux Mint Xfce kwenye laptop ya 2012, maoni yangu baada ya miezi minne

Linux Mint ni mfumo wa kuendesha kompyuta unaouweka badala ya windows, na Xfce ni aina yake nyepesi. Laptop yangu ni ya 2012, core i5 (prosesa ya Intel) kizazi cha tatu, ram (kumbukumbu ya muda mashine inapofanyia kazi) GB 4, na hard disk ile ya kuzunguka. Ndiyo natungia mitihani ya jiografia, na ilifika mahali nikiiwasha naenda kuinjika chai narudi bado duara linazunguka. Ukifungua task manager, pale windows inapoonyesha nini kinatumika, disk iko 100% na hujagusa kitu! Kumbe ram ikijaa mashine inaanza kutumia disk kama ram, sasa disk yenyewe ndo hiyo ya kuzunguka, lazima ijikokote.

Nikampelekea fundi akapiga windows upya, elfu ishirini ikaenda, wiki mbili tu ikarudi vilevile. Mbaya zaidi hakukopi mafolda yangu kwanza, notisi za miaka mitatu zote zikafutika. Hilo limeniuma mpaka leo. Jamani kabla hujamwachia mtu laptop yako kopi vitu vyako kwenye flash, usiulize, usingoje akukumbushe.

Halafu windows 10 nayo msaada wake wa bure uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na 11 rasmi inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu, kwa hiyo yangu haimo kabisa. Nilishaanza kuweka hela ya nyingine mdogo wangu aliyeko chuo akaniambia dada usinunue, jaribu Mint kwanza, tena bila kufuta chochote.

Na kweli, hicho ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote. Unashusha faili lake, ni karibu GB 3 kwa hiyo tafuta bando la usiku, unaliandika kwenye flash ya GB 8 kwa programu inaitwa Rufus (flash inafutwa yote, angalia usiweke yenye vitu), unawasha laptop kupitia flash na Mint inafunguka hapohapo, unaizunguka unavyotaka, disk yako haijaguswa. Nilikaa nayo jioni nzima hivyo nikajaribu sauti, kamera, mwanga wa skrini, vyote vikakubali isipokuwa wifi. Nikachomeka simu kwa waya wa usb nikagawa intaneti, nikaingia sehemu ya madereva (programu ndogo zinazowezesha vifaa kama wifi) ikaitafuta ya wifi yenyewe, dakika tano wifi hiyo. Ukiridhika ndo una-install, ila pale inapokuuliza kama ifute disk yote soma taratibu maana ukikubali hakuna kurudi.

Sasa hivi inawaka chini ya dakika moja kwa disk ileile. Ikiwa imekaa tu inakula kama mega 800 za ram, inayobaki yote ni yangu, nafungua brauza na mtihani pamoja bila shida ila tabo zikizidi kumi inaanza kuchoka, ram GB 4 ni GB 4. Menyu iko chini kushoto kama tulivyozoea. Apdeti unaziruhusu mwenyewe, haikuzimikii katikati ya kazi, na toleo hili la 22 litapata apdeti mpaka 2029.

Kasoro zipo. Programu ya ofisi inayokuja nayo inafungua mafaili ya word lakini jedwali langu la mvua lilihamia ukurasa wa pili nilipolifungua stationery, nusu ya miezi juu nusu chini, na wanafunzi wanachora grafu kutokea hapo! Siku hizi napeleka PDF tu, inatoka kama nilivyoipanga. Skana ya shuleni ndo imegoma kabisa mpaka leo. Na kama kazi yako inategemea programu fulani ya uhasibu ya windows usihamie kabla hujahakikisha.

Kwangu mimi ni nyota 4 kati ya 5. Ile hela niliyokuwa naweka nachukua kidogo ninunue SSD (disk isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya GB 240, nyingine nimeshalipia ada ya mdogo wangu.