BuildKit kwa bando la simu Mtwara: ujenzi wa imeji ukigoma

Docker hufungasha programu na mahitaji yake yote ndani ya imeji, kwa kufuata hatua zilizoandikwa kwenye faili iitwayo Dockerfile. Tangu Docker Engine 23.0 ya mwaka 2023, BuildKit ndiyo inayojenga imeji kwenye Linux bila kuiwasha mwenyewe. Husifiwa kwa kasi, lakini kwa anayefanyia kazi Shangani au Mikindani kwa bando la simu, thamani yake kubwa ni kache, yaani akiba ya vilivyokwisha kupakuliwa.

Andika `--mount=type=cache,target=/root/.cache/pip` mara baada ya neno `RUN` kwenye mstari wa Dockerfile unaoita pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python. Mtandao ukikatika katikati, vifurushi vilivyokwisha kushuka vinabaki hata hatua ikifeli. Ukirudia, havikuli bando tena. Kwenye amri ya pip, ondoa `--no-cache-dir`, ambayo wengi huinakili bila kujua kwamba inaua faida yote hiyo. Kwa apt, kisakinishi cha Debian, weka kache kwenye `/var/cache/apt` na ufute kwanza `/etc/apt/apt.conf.d/docker-clean`, la sivyo faili za vifurushi (.deb) hufutwa kila usakinishaji ukiisha.

Kutafuta kosa ndiko kunakochosha. Logi hujikunja kwenye skrini, kwa hiyo jenga kwa `--progress=plain` uone kila mstari. Kosa 127 ni amri isiyokuwepo, mfano kuita bash kwenye Alpine, Linux ndogo ambayo huja na sh tu. 137 ni kazi iliyouawa, mara nyingi RAM imeisha. Ukiona `toomanyrequests`, Dockerfile yako haina tatizo: Docker Hub, ghala la imeji mtandaoni, huwawekea kikomo cha upakuaji wasioingia kwa akaunti, ikiwahesabu kwa anwani ya IP, na kwenye mitandao ya simu anwani moja hutumiwa na watu wengi. `docker login` hutosha.

Kasoro ya BuildKit inayoumiza kweli ni kwamba haiachi imeji za kati, yaani za kila hatua. Mjenzi wa zamani alikupa kitambulisho cha hatua ya mwisho iliyofaulu, ukaingia humo na kujaribu. Sasa inabidi ukate Dockerfile mwenyewe: anza hatua mpya, `FROM msingi AS programu`, kabla tu ya mstari unaogoma, hatua ya juu ukiwa umeiita `msingi`. Kisha:

`docker build --target msingi -t jaribio .`
`docker run -it --rm jaribio sh`

Iendeshe amri iliyogoma kwa mkono humo ndani. Jibu hupatikana haraka kuliko kujenga upya kila mara.

BuildKit naipa nyota nne kati ya tano. Diski ikijaa, anza na `docker system df` uone nafasi inatumiwa na nini. `docker builder prune` hufuta hata kache ya pip, kwa hiyo isubiri siku yenye bando la kutosha.