Dumu la chuma la lita 20: limevuja siku ya kwanza kabisa

Naandika hasira bado hazijaisha. Nalima nyanya huku Ruvu, maji navuta kwa pampu ya petroli na sheli iko mbali, kwa hiyo kubeba mafuta ni lazima. Miaka yote nimetumia dumu la njano la mafuta ya kula mpaka siku moja likavimba juani nikaogopa, nikasema sasa basi, nikaenda Kariakoo kununua la chuma, lile la kijeshi la mikono mitatu alilobuni Mjerumani kabla ya Vita ya Pili. Muuzaji akaniapia hata ulilaze halitoi tone.

Nikalilaza nyuma ya Noah pamoja na unga wa mama. Jamani! Kufika nyumbani kiroba chote cha kilo 25 kimelowa petroli, mama kamwaga unga huku ananiangalia tu hasemi kitu, na kule njiani tulikuwa watu wanne ndani ya gari vioo tumefunga sababu ya vumbi, angewasha mtu sigara ingekuwaje?

Nikalirudisha. Yule kaka hata macho hakutoa kwenye simu, "mzigo ukitoka dukani haurudi, we ndo hujui kufunga". Mbele ya wateja! Mimi sijui kufunga dumu!

Fundi pikipiki mmoja ndo kanifungua macho. Katoa ule mpira wa mfuniko, umevimba umelegea kama ugali mbichi, kasema huu mpira wa kawaida petroli inaula, kaniwekea unaohimili mafuta, elfu mbili tu. Tangu hapo nimeligeuza miguu juu, nimelibeba kwenye boda, tone hakuna. Na ile mikono mitatu ni raha aisee, likijaa tunashika wawili na kijana wangu. Kujaza naliweka chini kwenye sakafu, sio juu ya siti ya boda, cheche za umeme tuli, ule unaojikusanya mafuta yakimiminika, sio mchezo, na juu naacha nafasi mafuta yakipata joto yatanuke.

Kwa hiyo dumu lenyewe ni zuri, nilikuja hapa kuwaambia msinunue ila siwezi kudanganya. Nunueni, mpira badilisheni kabla hamjatia mafuta. Lakini sasa elfu mbili ya mpira wa maana imewashinda nini, mpaka mtu anunue kitu kipya akimbilie kwa fundi? Na unga wa mama nani atalipa? Mi pale dukani sirudi.