Kukesha na Vitabu au Kudamka Alfajiri?
Mwanafunzi wa kidato cha nne mjini Jinja anayejiandaa kwa mtihani wa UNEB (baraza la mitihani la taifa la Uganda) huwa na njia mbili: kukesha akisoma hadi saa nane usiku, au kulala saa tatu usiku na kudamka saa kumi na moja alfajiri. Kukesha kuna utulivu wake, sikatai, hasa katika nyumba ya chumba kimoja ambamo wadogo hawanyamazi mpaka walale. Hata hivyo, ubongo huimarisha yaliyosomwa wakati wa usingizi, hivyo anayejinyima usingizi hupoteza sehemu ya kile kile alichokikeshea, na kesho yake husinzia darasani. Vijana wa miaka 13 hadi 18 hushauriwa kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Anayedamka hutimiza 8, na bado hupata zaidi ya saa nzima ya kusoma kabla ya jua kuchomoza. Mimi nachagua kudamka, isipokuwa katika shule za bweni zinazowaamsha wanafunzi saa kumi bila kuwalaza mapema, ambako njia hizo mbili hazina tofauti.